Namna ya Kuzidisha Matumbawe Laini katika Tangi la Nyumbani

Mkulima anayekata shina la muhogo pingili pingili na kuzifukia ardhini hahitaji kuelezwa kwamba kipande cha kiumbe kinaweza kuwa kiumbe kizima. Tumbawe laini, ingawa ni mnyama na si mmea, hukubali kutendewa vivyo hivyo, kwa sababu halina moyo, ubongo wala kiungo chochote ambacho likikipoteza litakufa. Ni koloni la polipu nyingi, yaani vinyama vidogo vilivyoungana, zinazofanana, kila moja ikiwa na minyiri minane yenye vinyoya pembeni, na zote zimezama katika nyama moja iliyotiwa nguvu na vijiti vidogo mno vya chokaa. Koloni hilo likigawanywa, kila kipande hubaki na polipu zake, na mwani wa seli moja unaoishi ndani ya nyama huendelea kutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga na kukilisha kipande wakati kidonda kinapona.

Kwa hiyo ugumu wa kazi hii hauko kwenye kukata, ambako hakuzidi dakika chache. Wengi wanaoshindwa hushindwa baada ya kuweka wembe chini: kipandikizi huteleza juu ya jiwe, hubebwa na mkondo wa pampu, huangukia nyuma ya mwamba pasipo mwanga, kisha huoza huko na kuchafua maji ya tangi zima. Kwa sababu hiyo nimelipa suala la kushikisha kipandikizi nafasi kubwa kuliko mengine yote. Mfano wangu mkuu ni Sarcophyton, tumbawe lenye shina nene na kofia pana kama uyoga, kwa kuwa linapatikana kwa urahisi mikononi mwa wafugaji na linasamehe makosa ya anayejifunza. Mengine nitayataja pale yanapotofautiana nalo.

Kabla ya wembe

Koloni la kukatwa liwe limeishi katika tangi lako miezi miwili au mitatu bila kusumbuka, likifungua polipu zake kila siku. Tumbawe lililonunuliwa juzi bado linajizoesha na maji na taa zako, na kulikata ni kuliongezea mzigo ambao pengine halitaubeba. Usilikate pia wakati limejikunja na kufunikwa na utando unaong'aa kama nta. Sarcophyton hujivua utando huo mara kwa mara ili kuondoa mwani na uchafu uliotua juu yake, na hali hiyo inaweza kuchukua siku kadhaa hadi wiki mbili. Wageni wa ufugaji huu hudhani linakufa na kulitupa. Lisubiri, kisha likate baada ya kufunguka.

Kuhusu maji sitasema mengi, kwa kuwa tangi ambalo tumbawe linastawi ndani yake tayari lina maji yanayofaa. Chumvi iwe karibu gramu 35 kwa kilo ya maji, joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi, ualkali uwe digrii 8 hadi 10 katika kipimo cha Kijerumani, na kalisi iwe miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Matumbawe laini hayapendi maji yaliyosafishwa kupita kiasi. Nitrati ya miligramu 5 hadi 15 kwa lita huyafaa kuliko sifuri. Jambo ambalo msomaji wa Mombasa, Dar es Salaam au Muscat anapaswa kuliangalia kuliko mwenzake wa Ulaya ni joto, kwa maana huko Ulaya watu huhangaika na hita, ilhali sisi tunahangaika na feni. Feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji hushusha nyuzi kadhaa, lakini huongeza uvukizi, na maji yanayopotea hurudishwa kwa maji baridi yaliyochujwa, wala si kwa maji ya chumvi, kwa sababu chumvi haivukizwi. Joto likizidi, tumbawe hufukuza mwani wake na kupauka, jambo lililotokea baharini kwetu mwaka 1998 katika eneo kubwa la magharibi mwa Bahari ya Hindi. Kipandikizi chenye kidonda hakina akiba ya kuvumilia hilo, hivyo wiki za joto kali kabla ya mvua si wakati wa kukata.

Wanaoishi pwani huniuliza kwa nini wasiende mwambani na kuvunja kipande wanachotaka. Ndani ya hifadhi kama zile za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, au ya Kisiwa cha Mafia ya mwaka 1995, kuchukua matumbawe ni marufuku, na nje ya hifadhi pia mtu asiguse kitu kabla ya kuuliza mamlaka za uvuvi na mazingira. Zaidi ya hapo, kipandikizi kilichozaliwa tangini kimeshazoea tangi, hakiji na konokono wala minyoo walao nyama yake, na kwa kawaida hushinda kile cha baharini kwa uvumilivu.

Vifaa vyenyewe ni vichache. Tayarisha wembe mpya au kisu cha upasuaji chenye makali yasiyotumika, mabeseni matatu ya plastiki ambayo hayajawahi kuoshwa kwa sabuni, glavu, miwani ya kinga, taulo la zamani, kokoto za tumbawe lililokufa zenye ukubwa wa punje ya mahindi hadi ukubwa wa kidole gumba, vijiti vya kuchokolea meno, raba bendi, na kitambaa cha wavu. Tayarisha pia mkaa ulioamilishwa wa kuchujia maji, ambao si mkaa wa jikoni, na maji mapya ya chumvi yanayotosha kubadilisha sehemu moja ya tano ya tangi.

Kukata

Jaza mabeseni yote matatu kwa maji ya tangi. Beseni la kwanza ni la kukatia, la pili ni la kusuuzia, na la tatu ni la kuoshea kwa dawa ya ayodini iliyotengenezwa kwa ajili ya matumbawe, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Kukatia ndani ya tangi ni uzembe, kwa sababu Sarcophyton likijeruhiwa hutoa ute mwingi pamoja na kemikali za jamii ya terpeni ambazo hulitumia baharini kuwazuia majirani wasilisogelee. Katika bahari kemikali hizo husombwa na maji. Katika tangi la lita 200 hubaki na kuwadhoofisha wengine, hasa matumbawe magumu.

Litoe koloni pamoja na jiwe lake na ulipapase polepole ndani ya beseni la kwanza mpaka lisinyae na kutoa maji yaliyomo ndani yake. Likisinyaa linakuwa gumu kidogo na hukatika kwa mstari ulionyooka. Anayekata kwa mara ya kwanza na aanze na ukingo wa kofia, achukue vipande viwili au vitatu vyenye upana wa sentimita 3, kila kimoja kikiwa na polipu za kutosha juu na nyama ya kutosha chini. Aliyezoea anaweza kukata kofia nzima kwa mlalo, kidogo chini ya mahali inapokutana na shina, kisha kuigawa kama anavyogawa chapati. Shina lililobaki huonekana kama kisiki kisichokuwa na matumaini, lakini likirudishwa mahali pake hujifunika juu, huchipua polipu, na baada ya miezi kadhaa huwa na kofia mpya. Mimi hupendelea njia hii ya pili, kwa sababu kidonda kimoja kilichonyooka hupona vizuri kuliko mikato mingi midogo iliyopindapinda.

Pitisha wembe kwa mkono mmoja usiosita. Utahisi kama unakata gegedu lenye mchanga ndani yake. Huo mchanga ndio vile vijiti vya chokaa, navyo humaliza makali upesi, kwa hiyo badilisha wembe baada ya kila koloni. Usikate kwa kusugua huku na huko, kwa kuwa nyama iliyochanika ndiyo inayooza kwanza. Suuza kila kipande katika beseni la pili mpaka kisiendelee kutoa ute wa kuvutika, kipitishe katika beseni la ayodini kwa muda ulioelekezwa, kisha endelea na kushikisha mara moja. Maji ya mabeseni yamwagwe. Hayarudi tangini hata kama yanaonekana safi.

Kushikisha

Kosa linalorudiwa kuliko yote ni kutegemea gundi. Gundi ya sianoakrilati, ile inayojulikana madukani kama supaglu, hushika tumbawe gumu kwa sekunde chache na haina madhara ikikauka majini, lakini juu ya nyama ya Sarcophyton haigusi nyama yenyewe, hugusa ute. Kipandikizi huonekana kimeshika barabara jioni, usiku hutoa ute mwingine, na asubuhi unakuta ganda jeupe la gundi liko juu ya jiwe peke yake. Kinachoshikisha tumbawe laini ni tumbawe lenyewe, ambalo likipewa muda na utulivu hukuza nyama mpya inayotambaa na kukumbatia vinyweleo vya jiwe. Kazi ya mfugaji ni kukizuia kipandikizi kisihame kwa wiki mbili au tatu bila kukibana hadi kikakatika.

Njia rahisi, na ambayo ningempa yeyote anayeanza, ni ya chombo cha kokoto. Chukua kibakuli kifupi cha plastiki, tandaza kokoto za tumbawe lililokufa kina cha sentimita 2 hivi, panga vipandikizi juu yake, upande uliokatwa ukiwa chini na polipu zikitazama juu, kisha funika mdomo wa kibakuli kwa kitambaa cha wavu kilichofungwa kwa raba bendi. Kiweke kibakuli ndani ya tangi, kwenye sakafu yake, mahali penye mkondo hafifu unaopita juu ya wavu na kuingia ndani kidogo. Mkondo ukikosekana kabisa, ute hujikusanya na bakteria hushamiri. Ukizidi, vipandikizi husukumwa kwenye kona moja na kulaliana. Baada ya siku kumi anza kukagua kwa kugusa taratibu kwa kijiti. Kipandikizi kinachoinuka pamoja na kokoto yake kimeshashika, nacho unaweza kukihamishia kwenye kikalio cha kauri, safari hii kwa gundi, kwa sababu sasa unagundisha jiwe kwa jiwe. Tumia gundi nzito ya jeli, ile nyepesi kama maji husambaa kabla hujaiweka.

Hapa lazima niseme neno kuhusu wavu, kwa kuwa nyumba zetu nyingi zina kipande cha chandarua kisichotumika, na mkono huenda huko wenyewe. Vyandarua vingi vinavyogawiwa siku hizi vimetiwa dawa ya jamii ya pairethroidi, ambayo huua wadudu, na kamba na kaa ni ndugu wa karibu wa wadudu. Niliwahi kufunika kibakuli kwa chandarua kipya bila kufikiri, na kufikia asubuhi yake kamba wote wasafishaji walikuwa wamelala ubavu. Tumia wavu wa shela ya bibi harusi, au kitambaa cha neti kinachouzwa kwa mita kwa mafundi cherehani, ukiloweke na kukisuuza kwa maji matupu mara kadhaa kabla hakijaingia tangini.

Njia ya pili inafaa kipandikizi kikubwa, au pale unapotaka kikae moja kwa moja juu ya jiwe ulilolichagua. Choma kijiti cha meno kipenye nyama ya kipandikizi kwa mlalo, karibu na upande uliokatwa, kikitokeza sentimita moja kila upande. Kilaze kipandikizi juu ya jiwe, kisha vuta raba bendi ipite juu ya ncha zote mbili za kijiti na kuzunguka chini ya jiwe. Maana ya kijiti ni kwamba nguvu ya raba bendi inabebwa na mti, si na nyama. Raba bendi iliyopitishwa juu ya nyama moja kwa moja huikata polepole kama uzi unavyokata jibini, na siku ya tano utakuwa na vipande viwili vinavyoelea. Kipandikizi kikishashika, kata raba bendi na uvute kijiti nje kwa kukizungusha. Tundu litajifunga lenyewe. Wapo wanaoshona kwa sindano na uzi wa kuvulia, mshono mmoja au miwili iliyolegea. Njia hiyo hufaa zaidi kwa Sinularia, ambalo matawi yake yanafanana na vidole na yana nyama ngumu inayoshika uzi.

Siku zinazofuata

Siku ileile badilisha sehemu moja ya tano ya maji, weka mkaa mpya ulioamilishwa mahali ambapo maji yanalazimika kupita ndani yake, na uangalie kichujio cha povu, ambacho huenda kikafurika kwa sababu ya ute. Ikiwa umeme wa mtaani kwako hukatika, kuwa na pampu ya hewa inayotumia betri usiku huo; ute unaooza hula oksijeni, na tangi lililotulia saa nne gizani baada ya ukataji liko hatarini kuliko tangi lililotulia siku nyingine yoyote.

Vipandikizi vitajikunja, vitabadilika rangi kuwa kahawia na kufunga polipu kwa siku kadhaa. Waliozoea hawavigusi. Katika wiki ya kwanza kingo zilizokatwa hujiviringa na kuwa laini, na kati ya wiki ya pili na ya nne polipu hurudi, chache kwanza, kisha zote. Mwanga uwe wa wastani, mikromoli 50 hadi 100 kwa mita ya mraba kwa sekunde kwa mwenye kipimo, au theluthi ya chini ya tangi kwa asiyekuwa nacho. Usijaribu kuharakisha kwa kuongeza taa.

Kinachohitaji hatua ya haraka ni uozo. Dalili zake ni nyama inayogeuka uji mweupe au mweusi, inayotoka kwa kuguswa tu, pamoja na harufu ya yai viza mtu anapokitoa kipandikizi majini. Kitenge kipandikizi hicho wakati huohuo, kata sehemu iliyooza pamoja na milimita chache za nyama nzima inayoizunguka, osha kwa ayodini, na ukiweke peke yake penye mkondo mzuri zaidi. Kikirudia, kitupe. Kipandikizi kimoja hakistahili kuhatarisha vingine vinane.

Matumbawe mengine

Capnella, ambalo katika biashara ya kimataifa limepewa jina la mti wa Kenya, ndilo linalodai kazi ndogo kuliko yote, kwani hudondosha vitawi vyake lenyewe na kila kitawi hujishikiza kinapoangukia. Mfugaji hukusanya tu na kuviweka katika kibakuli cha kokoto. Tatizo lake ni kinyume cha shida ya uzazi: baada ya mwaka mmoja utavikuta hata ndani ya bomba la kichujio.

Xenia, ambalo polipu zake hufumba na kufumbua kama viganja, halipendi kukatwa katikati ya shina. Lisogezee kokoto karibu ili litambae juu yake lenyewe, kisha ukate daraja la nyama lililobaki kati ya kokoto na koloni. Likikatwa na kushikwashikwa hovyo huyeyuka kwa siku moja.

Briareum lenye zulia la zambarau na polipu za kijani hubanduliwa kwenye jiwe kama kapeti, hukatwa kwa mkasi, na hapa gundi inafaa kabisa, kwa kuwa upande wa chini wa zulia lake ni mkavu na mgumu kiasi. Liweke juu ya jiwe lililojitenga, maana likigusa mwamba mkuu litaufunika.

Discosoma, lenye umbo bapa kama sahani na mdomo katikati, huuzwa pamoja na matumbawe laini ingawa kwa ukoo liko karibu zaidi na matumbawe magumu. Likate kupitia katikati ya mdomo, kila nusu ibaki na sehemu ya mdomo, kisha utumie kibakuli na wavu kama nilivyoeleza. Gundi na kijiti vyote haviwezi kulishikisha.

Zoanthus na Palythoa pia si matumbawe laini kwa maana kamili, lakini huwekwa rafu moja nayo dukani, na Palythoa hasa ndiyo sababu niliandika glavu na miwani katika orodha ya vifaa. Baadhi ya spishi zake zina palitoksini, mojawapo ya sumu kali zaidi zitokanazo na viumbe, ambayo Richard Moore na Paul Scheuer wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliitangaza mwaka 1971 baada ya kuitenga kutoka Palythoa toxica. Anayekata polipu hizi hurukiwa na maji yake, na tone moja jichoni linaweza kuharibu konea. Likiingia kwenye mchubuko wa kidole linaweza kumpeleka mtu hospitalini. Kata katikati ya polipu na polipu, kwenye jiwe, bila kupasua polipu yenyewe, na watoto pamoja na wanyama wa nyumbani wasiwe karibu. Usichemshe kamwe jiwe lenye viumbe hawa kwa nia ya kulisafisha, wala usilimwagie maji ya moto au kulisugua likiwa kavu, kwa sababu mvuke na vumbi vyake hubeba sumu hadi mapafuni, na familia nzima zimewahi kulazwa kwa kosa hilo. Ukihisi ladha ya chuma mdomoni, kifua kubana, misuli kuuma au homa baada ya kazi hii, nenda hospitali na umwambie daktari neno palitoksini, kwa kuwa si kila daktari atafikiria tangi la samaki.

Kumpa mwenzio

Kipandikizi cha Sarcophyton kiko tayari kuhama kinapokuwa kimeshika kikalio chake kiasi kwamba ukikigeuza juu chini hakining'inii, na polipu zimefunguka kwa wiki mbili mfululizo. Kisafirishe katika mfuko wenye theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa, kimoja kwa kila mfuko, ndani ya sanduku la kuhifadhi ubaridi lakini bila barafu kugusa mfuko. Safari ya kutwa nzima huivumilia bila shida, isipokuwa Xenia, ambalo ni vyema limfikie anayelipokea ndani ya saa chache. Mpokeaji asimwage maji ya mfuko katika tangi lake. Alizoeshe tumbawe kwa kuongeza maji ya tangi kidogo kidogo kwa nusu saa, alitoe kwa mkono wenye glavu, kisha aliweke chini penye kivuli kwa siku tatu kabla ya kulipandisha.